Kisanduku cha Ukutani

Hebu niambie, wewe ungemfundishaje mtoto wa miaka minne huku ukuta unakusikiliza? Bi Mashavu alipanga ratiba ya polepole, akaiandika kwa penseli nyuma ya kalenda: asubuhi kumwagilia mchicha, kisha kuchambua mchele kwenye ungo, halafu kuchora kwa mkaa, mwisho hadithi na usingizi. Lakini sheria ilidai mtoto anayesomea nyumbani aseme maneno mia kwa siku, na kisanduku cha ukutani kilihesabu. Akipungukiwa siku saba mfululizo, gari la shule ya bweni linamchukua alasiri ya siku ya saba.

Siku ya saba ndiyo hii, na mjukuu wake Hidaya hajatamka hata neno.

"Haya, mke mwenzangu, hiki nini? Kijiwe, eti? Na hii? Chuya! Sema chuya, mama. Sema basi!"

Aliuliza yeye, akajibu yeye, akacheka yeye, jasho likimtiririka shingoni. Sauti ya mtu mzima haihesabiwi. Namba ilibaki sifuri.

Nje, breki za gari zikalia. Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika mkekani, naye akaishiwa maneno. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, nyumba ikawa kimya.

Mlangoni wakapiga hodi.

Hidaya akaokota chuya moja, akaiweka kwenye kiganja cha bibi yake.

"Bibi," akanong'ona, "nilitaka unyamaze kidogo, na mimi niseme."