Skrubu ya Fundi Sikio

Mume wangu alipiga goti tena kando ya pikipiki ya mwalimu, iliyo kuukuu kuliko ndoa yetu, akashika skrubu ndogo ya kabureta mpya.

"Vitu vya siku hizi ni takataka," alisema.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Alikuwa amebadilisha plagi, amesafisha tangi, ameifungua kabureta mara nne, na kila mara pikipiki ilimzimikia mwalimu pale kwenye kona.

Watu humwita Sikio. Hatumii kipimo. Huwasha injini, huegemeza bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, hufumba macho, kisha kwa vidole hugeuza ile skrubu kidogo kidogo mpaka mvumo unyooke.

Tangu mwaka jana analalamika kwamba kuna kitu kinamvumia kichwani. Nilimsihi aende hospitali, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Safari hii injini iliwaka, ikakohoa, ikakohoa tena. Yeye alikuwa anageuza, grisi imeganda kwenye mikunjo ya vidole. Mwalimu alinitazama. Mimi nikatazama bomba la moshi.

Injini ikazima.

Karakana ilinyamaza kabisa, hata nikasikia petroli ikidondoka koponi.

Yeye hakufumbua macho. Mpini ulikuwa bado sikioni. Akageuza skrubu robo tu, halafu uso wake ukalegea kwa raha niliyokwisha kuisahau.

"Hapo," akasema. "Mmeisikia ilivyotulia?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.