Tiketi ya Kwenda kwa Sauda

Bi Mwanasha alisimama mbele ya dirisha la tiketi, katika stesheni ya ugenini. Dada yake Sauda ndiye aliyemwita Ulaya, wazunguke miji pamoja kwa treni. Sasa Sauda alikuwa amelazwa hospitalini, mwendo wa saa tatu kutoka hapo.

“Pasi ya mwezi itakupeleka popote, bibi,” karani alirudia. “Tiketi itakufikisha mji mmoja tu. Unakwenda miji mingapi?”

“Sijui, mwanangu. Dada yangu mahututi.”

“Basi chukua tiketi.”

Tiketi ya mji mmoja ilimtia hofu, kana kwamba ameshamuaga Sauda.

“Nipe pasi,” alisema, kisha akasita. “Mbili.”

“Ya pili niandike jina gani?”

Akalitaja herufi moja moja, huku treni ikisimama na milango ikifunguka.