Farasi wa Udongo

"Huyu ni Moto," alisema Mwalimu Alfonce. Aliyasema hayo akiwa juu ya uzio, alikofika kwa kasi isiyolingana na umri wake wala tumbo lake.

Chini yake farasi wa kahawia alikuwa anapiga kwato na kupuliza pua, anataka kuutafuna mfuko wa koti lake. Bi Mwanajuma, mwenye zizi, akaivuta kamba. "Shuka tu, Mwalimu. Ana njaa huyo."

"Njaa!" Mwalimu alicheka kicheko cha mjuaji. "Dada yangu, hiyo ni asili. Wachina waliligundua hilo zamani: kila farasi ana asili yake, moja kati ya tano. Mti, moto, udongo, chuma, maji. Moto ni fujo na sifa. Mrudishe, nitolee mwingine."

Bi Mwanajuma alimtazama, akalitazama zizi lake refu lenye milango mingi, akajifunika mdomo kwa khanga. "Haya," akasema, akamvuta farasi hadi nyuma ya zizi.

Mwalimu alishuka kwenye uzio kwa awamu. Hakutoka Misugusugu, Kibaha, mpaka huku Marui, Kisarawe, kwa mchezo. Jumamosi binti yake Agape anaolewa, na ni yeye mwenyewe, baba mtu, aliyekitangazia kikao kizima cha harusi kwamba mwanawe hatafika kanisani kwa gari kama watoto wa watu wengine. Atafika juu ya farasi! Wiki iliyopita akakodi mmoja wa kujaribia kulekule Kibaha, akampanda mbele ya wakwe, farasi akamtupa kwenye genge la nyanya. Wakwe walicheka mpaka wakakaa chini. Mkewe Yosefina hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu, "Ukimvunja mwanangu shingo, na ya kwako nitaivunja."

Mtu mwenye akili zake angekodi gari, yakaisha. Lakini Mwalimu Alfonce, katika miaka yote ya kufundisha, hakuwahi kukubali kwamba amekosea hata swali alilolitunga mwenyewe. Kwa hiyo aliingia kwenye simu kutafuta kosa la farasi, akakutana na Wachina na asili zao tano. Akatazama video mpaka bando likakata. Alipoinua kichwa, tayari alikuwa mtaalamu.

Nyuma ya zizi ilisikika ndoo ikiwekwa chini, kisha kutafuna kwingi.

Farasi wa pili alitoka mbiombio, akimburuta Bi Mwanajuma na kandambili zake. "Mti!" akatangaza Mwalimu. "Mti kazi yake kusukuma kwenda mbele. Huyu atafika kanisani kabla ya mchungaji. Mwingine!"

Wa tatu alisimama wima kama mgambo, manyoya yamechanwa vizuri, hamtazami mtu. Chuma. Huyo angemnunia hata bwana harusi. Mwalimu sasa alikuwa anajisikia raha. Kweli, wote walikuwa wa kahawia, lakini rangi ni ya kuangaliwa na wanunuzi wa vitenge. Mtaalamu anaangalia roho.

"Unawajua kwelikweli," alisema Bi Mwanajuma, sauti ikimtetemeka kidogo. "Sisi wengine tunafuga tu."

"Elimu, dada. Elimu haina mwisho."

Wa nne alikuja amelowa mgongo chapachapa, akashtushwa na gunia lililoanikwa uani, akatetemeka mwili mzima. Maji huyo, manyoya yenyewe yalikuwa yanatoa ushahidi. Mwalimu akampungia mkono arudi kabla hata hajafika.

Alipobaki peke yake, hofu ikamrudia. Akilini akamwona Agape na shela lake, katupwa hewani. Jamani, mtoto wa watu! Akaanza kuomba kimyakimya, akimtaka radhi Mungu kwa kumchanganya na Wachina. Wa tano naye asipofaa, itabidi ampigie Yosefina na kumwambia, "Mke wangu, nimeshindwa." Kinywa chake hakikuwa na mazoezi ya maneno hayo.

Alisubiri sana. Jua likawa kali.

Wa tano alikuja taratibu, kichwa chini, macho nusu yamefumba. Akasimama mbele ya Mwalimu, akashusha pumzi ndefu, akaliegemeza paji lake kifuani kwake. Machozi yakamlengalenga Mwalimu. Akampapasa shingo, farasi katulia. Akampanda, kwa msaada wa ndoo na bega la Bi Mwanajuma, farasi katulia. Akaimba pambio kwa sauti ya juu, akapunga koti hewani. Farasi akasinzia.

"Udongo," Mwalimu akanong'ona. "Mvumilivu, mtulivu, anabeba wote. Huyu hata mtoto mchanga unampandisha."

Hapohapo akapiga simu nyumbani, kwa sauti ya kusikika mpaka Kisarawe mjini. "Mama Agape! Waambie wakwe waje na kamera! Na lile gari ulilokodi la akiba mrudishie mwenyewe, hatulitaki!"

Akaishika kamba, akaanza kumwongoza farasi wake kwenye Fuso iliyokuwa inasubiri barabarani. Kisha akageuka. Mtu akishashinda, huwa anawaonea wengine huruma.

"Wale wanne, dada, kawakodishe kubeba matofali. Usije ukampa hata mmoja mtu mwenye binti."

Bi Mwanajuma alishindwa kujizuia tena. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nitampa yupi, Mwalimu? Mimi ninaye huyohuyo mmoja, na ndiye unayeondoka naye."