Kitezi Kilichojificha

Kwenye korido ya hospitali, vidole vya baba vilimgusa binti alipokuwa akipokea chupa ya chai. Binti akajifuta mkono kwenye sketi, mara mbili, palepale mbele yake, ili aone.

Mzee aliona. Akainamisha kichwa. Koti lake lilinuka sigara na jasho la jana, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi ya gereji. Mikono hiyohiyo, binti aliwaza.

"Mwambie daktari auangalie mkono wa mama yako," baba alisema. "Tafadhali, mwanangu."

Binti alimkazia macho. "Huna haya kabisa. Wewe ndiye wa kuutaja huo mkono?"

"Mwenyewe hatamwambia. Namjua."

Binti aliitua chupa sakafuni kama kitu kilichookotwa jalalani, akaingia ndani.

Alikuwa shule ya bweni mama alipofanyiwa upasuaji wa kwanza. Aliporudi likizo alimkuta na bandeji mbili. Ya shingoni ni ya daktari, mama alimwambia. Ya mkononi ni ya baba yako na kisu cha jikoni. Wiki hiyo baba alifungashiwa virago, na binti ndiye aliyevirusha viatu vyake nje.

Sasa mama alikuwa amelala kitandani, mguu uliovunjika ukiwa kwenye plasta, beseni la matapishi kando yake. Shingo ilipakwa jeli, ikang'aa kama samaki aliyeparwa magamba. Binti alijikaza kisabuni. Daktari alipitisha kifaa juu ya kovu la zamani, macho kwenye skrini.

"Hakipo," daktari alisema. "Nyuma ya koo kuna vitezi vidogo kama punje za mtama, vinavyosimamia kalsiamu ya damu. Kimoja chako kimeasi, mama. Kinainyonya mifupa yako. Lakini shingoni sikioni, kifuani sikioni. Hospitali ya kwanza ilishafungwa, na faili lako halijulikani liliko. Nami siirudii shingo hii kwa kubahatisha, nisije nikakukata sauti bure. Siku ile hawakukugusa mahali pengine?"

"Shingo tu," mama alijibu upesi. "Wewe kata hapohapo, daktari. Utakiona."

Mlango ukagongwa. "Mkono!" sauti ya baba iliita kutoka korido. "Wa kushoto!"

"Nani huyo?"

"Takataka," binti alisema. "Ndiye aliyemchana mama kwa kisu. Sasa anajifanya ana uchungu naye."

Mama aliuvuta mkono chini ya shuka. Binti akaufuata, akaushika, akaipandisha nguo mpaka kwenye kiwiko.

"Usimfichie, mama. Mwache daktari auone uchafu wake."

Kovu lilikuwa fupi, limenyooka. Daktari aliliinamia. Kisha akalipaka jeli, akaweka kifaa juu yake. Kwenye skrini likatokea doa jeusi, la mviringo, na kando yake nukta mbili ziking'aa.

"Ndicho hiki," alisema. "Wakilazimika kuvitoa vyote shingoni, hupanda kipande kimoja mkononi, ili kikileta fujo kipatikane kwa urahisi. Na hizi nukta ni vibanio vya chuma. Daktari wa kwanza aliviacha viwe alama." Akamgeukia mgonjwa. "Lakini mama, hili huelezwa mgonjwa mwenyewe, na aliyekuja naye. Hawakukueleza?"

Mama alitazama ukuta.

"Funga mlango vizuri, mwanangu," alisema, akanyoosha vidole akamshika binti kiganja.

Binti akajitoa. Akajifuta mkono kwenye sketi, mara mbili.