Tela la Bluu

"Kizuri chajiuza, dada," alisema kaka yangu, fundi wa kuchomelea, aliyenipigia simu wiki nzima akilisifia tela hili. "Jepesi hili. Gari la binti yako litalivuta na pikipiki juu, wala halitatweta."

Nikalinyanyua shingo, chuma cha kulifungia kwenye gari, kwa mkono mmoja. Kweli, jepesi. Rangi ya bluu bado ilinuka.

"Ni jipya?"

"Nimelichomelea mwenyewe, haki ya Mungu."

Marehemu mume wangu alikuwa akisema tela halinunuliwi kwa macho, hupapaswa. Nikapitisha kidole chini ya shingo. Kikakwama kwenye uvimbe wa chuma, mnene kama gego. Nikaukwangua kwa ufunguo. Bluu ikabanduka, chini yake nyekundu.

Nyekundu ile niliipaka mimi, nikiwa na mimba ya binti yangu. Na hapo penye uvimbe ndipo shingo ilipokatika mteremkoni, gari likapinduka, mume wangu asirudi. Siku ya mazishi kaka aliniapia kwamba tela lile kalikatakata, limekwisha kuwa chuma chakavu.

Nikageuka. Binti yangu alikuwa anarudisha gari nyuma polepole, na mjomba wake akimwelekeza kwa mikono miwili:

"Njoo, mama, njoo. Bado kidogo."