Mkwe Mwenye Adabu

Leland aliishusha kofia mpaka puani, akageuzia shingo upande wa milimani, na kwa mtindo huo, akiendesha gari kama kipofu mwenye leseni, akampita mama mkwe wake barabarani.

Koti alilijua. Kijiji kizima cha Heart Butte, nani asiyelijua? La blanketi, jekundu, mstari mweusi mgongoni, na kofia yake pana ya kufunika kichwa na nusu ya uso. Bi Theda alilivaa kanisani, dukani na kwenye ngoma. Sasa lilikuwa kando ya barabara ya changarawe, likipunga mikono yote miwili. Lililokuwa likisemwa, upepo ulilimeza.

"Safari hii hunipati," Leland aliuambia usukani.

Alikuwa na haki ya kujihami. Alizaliwa Browning lakini akakulia Seattle, na mambo ya kwao aliyajua nusunusu. Mwezi wa tano, kwenye chakula cha msiba, ukumbi umejaa wazee, alimtazama Bi Theda usoni kwa macho makavu kabisa, akasema, "Mama, nisogezee chumvi." Watu waliacha kutafuna. Mwanamume wa kabila lao, la Blackfeet, hamtazami mama mkwe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Huyu kaomba chumvi. Bi Theda alitoka amejifunika uso. Wiki hiyohiyo Arlette, mkewe Leland, alifungasha nguo zake akamfuata mama yake.

Kiangazi kizima Leland alikula maharage ya kopo na kupiga soga na jokofu. Mwisho akamwendea Mjomba Cletus, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati ya nyumba hizo mbili.

"Mpelekee farasi," mjomba alisema. "Ukimwaibisha mama mkwe, unamfutia aibu kwa farasi. Na si yule mzee wako anayekohoa."

"Nina jike jeusi. Zuri."

"Basi ndilo hilo. Arlette mwenyewe anakutaka, sijui ameona nini kwako. Anayekaza ni mama yake. Sasa fungua masikio: yule bibi atakupima. Atajitokeza mahali usipomtarajia. Ukimtazama hata ukucha, huna mke."

"Nikigongana naye mlangoni je?"

"Geuka. Kimbia. Jifanye nguzo ya uzio."

Ndiyo maana, alipochungulia kioo cha pembeni akaona koti jekundu linakimbia nyuma ya tela alimompakia yule jike mweusi wa kupeleka ukweni, Leland alicheka peke yake. Bibi ana mbinu, huyu. Kutembea mpaka huku, kwa upepo huu, ili tu amtege. Akakisukuma kioo kitazame juu, jicho lisije likamponza, kisha akakanyaga mafuta.

Huko milimani weupe ulikuwa umeshaanza kushuka kama ukuta unaotembea. Leland aliuona, na hakuwa mtu wa roho mbaya. Alijisemea kwamba nyumba ya bibi haiko mbali, iko nyuma ya kilima cha pili. Akifika tu atampa Arlette ufunguo wa gari amfuate mama yake. Arlette anaruhusiwa kumtazama.

Dhoruba ilimkuta langoni. Alipozima gari, zizi lilikuwa limeshapotea. Alipofungua mlango, tela nalo halikuonekana. Alimsikia tu yule farasi akipiga kwato ndani yake. Theluji haikuwa ikianguka bali ikikimbia, ubavuubavu, na baridi yake ilimbana Leland mpaka kwenye meno. Alipapasa bodi ya gari, akapapasa uzio, akapapasa ukuta, akaupata mlango wa nyumba.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya supu ya matunda ya mwituni, ile inayopikwa kwa ajili ya mgeni wa maana. Leland alivua kofia, akalaza nywele kwa kiganja. Moyo ulimdunda kama siku ya kwanza kumtongoza mkewe.

"Arlette," aliita. "Njoo uone ulivyoolewa na mtu mwenye adabu."

Hakuitikiwa. Ila karibu na jiko kulikuwa na kiti, na kitini bibi mmoja mwenye mvi, shali mabegani, amempa mgongo na kuukabili ukuta, sawasawa na desturi inavyotaka. Alipofungua mdomo, alizungumza na birika.

"Birika, hebu muulize mkwe wangu, mwenzake mbona haingii? Tangu asubuhi binti yangu anaimba. Kachukua koti langu, kaenda kumpokea barabarani."