Mwanamke Ndani ya Mashua

"Rudisha, binti," alisema mzee Qillaq kwa mara ya sita.

Odile akairudisha filamu. Kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani mwa ukumbi wa kijiji, huko kaskazini, mashua ikaanza tena kuondoka ufukweni kuelekea meli kubwa ya serikali. Ndani ya mashua walikaa wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wanapelekwa hospitali za kusini, kila mmoja ameandikwa namba nyuma ya kiganja. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama, uso kwa watu wa nchi kavu, mikono yake ikienda huku na huku. Filamu haikuwa na sauti.

"Ndiye mama," alisema Qillaq. "Namjua kwa mabega."

Hakuna mtu ukumbini aliyembishia. Odile alikuwa anatengeneza filamu ya hali halisi kuhusu meli ile, na kipande hiki cha zamani alikipata kwenye ghala la serikali huko kusini mwa Kanada. Karibu kila mzee aliyeketi pale alikuwa na mtu wake aliyepanda meli ile. Wote walikuja kutafuta nyuso.

Qillaq hakuwa na hata picha moja ya mama yake. Siku mama alipochukuliwa, yeye alikuwa na miaka sita. Alijificha nyuma ya mapipa ya mafuta; mama akamwita, akakataa kutoka. Mama hakurudi, na hakuna aliyemwambia alizikwa wapi. Kwa miaka sitini na tisa, kila Jumapili kanisani, alimuuliza Mungu swali lile lile: aliondoka na hasira?

"Midomo yake haichezi," alisema. "Anapunga tu?"

Kwenye kiti cha mbele, bibi Ulluriaq, kiziwi tangu kuzaliwa, akainua mikono. Binti yake, Siasi, akatafsiri.

"Mama anasema hapungi. Anaongea kwa mikono, kama sisi."

"Mwambie mama yako asinitungie. Uongo wake naujua tangu tulipokuwa tunavua samaki."

Siasi akamfikishia. Jibu lilikuja upesi.

"Anasema wewe ukidanganya anaona, babu, hata asiposikia."

Watu wakacheka. Qillaq hakucheka. Alishika ukingo wa meza.

"Basi muulize anasema nini. Hata kama ananilaani, aniambie."

Filamu ikarudishwa. Ulluriaq alisogea hadi karibu na shuka, akaitazama mikono ya yule mwanamke mpaka mashua ikafika ubavuni mwa meli. Akaomba irudiwe. Akaomba tena. Kisha akamgeukia Qillaq na kumtazama kwa muda mrefu.

Odile alisimama nyuma ya kamera. Aliendelea kurekodi.

Mikono ya bibi ikainuka polepole.

"Nimekuona, mwanangu," Siasi alitafsiri. "Usilie. Sina hasira nawe."

Mzee akaketi. Akavua kofia yake, akajifunika nayo uso. "Asante, Bwana," alisema humo ndani. "Asante, Bwana."

Baadaye watu walikunywa chai na mkate wa kukaanga. Qillaq alizunguka ukumbi mzima akiwaonyesha wenzake jinsi mama yake alivyosimama, bega moja juu kidogo. Odile akamwahidi picha ya yule mwanamke, kubwa, ya kutundika sebuleni.

Alipokuwa anafunga vifaa vyake, jambo moja lilimsumbua Odile. Akawafuata Siasi na mama yake, waliokuwa wanavaa makoti karibu na mlango.

"Siasi, niulizie. Mama yake mzee Qillaq alijifunza wapi kuongea kwa mikono?"

Siasi akauliza. Ulluriaq alimtupia jicho Qillaq, aliyekuwa bado anasimulia na kikombe mkononi, halafu akajibu kwa ishara ndogo ndogo, karibu na kifua.

Siasi aliacha kufunga koti. Aliangalia shuka tupu ukutani, kisha akamwangalia mama yake.

"Anasema nini?" aliuliza Odile.

"Anasema yule mwanamke alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, kiziwi tangu kuzaliwa."